Kunduchi mpaka Mbezi Beach: kabla ya kuchangia ukuta, tuulize mchanga umekwenda wapi

Mstari wa Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa sisi wa Kunduchi, Dar, tunaokaa karibu na maji, habari ya mtaani ni moja tu: ukuta. Limetoka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wakazi kwamba kila kiwanja kinachotazama bahari kijenge ukuta wake kabla upepo wa kusi haujakolea, fundi awe mmoja, tofali na saruji vinunuliwe kwa pamoja ili bei ishuke. Watu wameshaanza kujiandikisha kuchangia, na mimi wa nyumba za nyuma naulizwa kwa nini jina langu halipo. Naandika huku kwa sababu kule ukizidisha mistari mitatu unaambiwa unakwamisha maendeleo.

Sipingi pwani kulindwa. Napinga kila mtu kujilinda kivyake.

Anayebisha ashuke ufukweni siku za bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, atembee kuelekea kaskazini. Kuna mahali atakuta pete za zege zimepandana juu ya mchanga, zimesimama peke yake, urefu unakaribia kifua cha mtu mzima. Wageni hupigia picha wakidhani ni kisima. Ni shimo la choo. Lilichimbwa uani, likafukiwa kama mashimo yote yanavyofukiwa. Leo ardhi iliyolizunguka imeondoka yote, shimo limebaki wima, na nyumba yenyewe haina hata tofali la kuonyesha ilipokuwa. Mbele kidogo kuna ukuta umelala kifudifudi, umeangukia upande wa bahari, na nyuma yake mwenye nyumba amejenga mwingine wa ramani ileile.

Na hili si la jana. Konda akiita "Afrikana" kwenye Barabara ya Bagamoyo, wengi wanashuka bila kujua kwamba jina hilo ni la hoteli ya kitalii iliyokuwa ufukweni, ambayo bahari iliila mpaka ikahamwa. Mmomonyoko wa huku unazungumzwa tangu miaka ya 1970.

Swali langu: bahari ilikuwepo, na kusi limevuma tangu enzi za waliolazwa kwenye yale makaburi ya nguzo pale magofu ya Kunduchi. Ufukwe ulikuwepo pia. Kimebadilika nini?

Jibu la haraka ni mabadiliko ya tabianchi, na lina ukweli wake. Wastani wa usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu nusu yake tangu 1993. Kwenye ufukwe wa mteremko mdogo kama wetu, sentimita 10 zinaweza kukuondolea mita kadhaa za mchanga. Lakini mita kadhaa tu hazihamishi hoteli nzima. Kuna kingine, na kiko nyuma yetu, si mbele.

Mchanga wa ufukwe huu sehemu kubwa huletwa na mito midogo inayoshuka kutoka vilima vya magharibi mwa jiji: Mbezi, Tegeta na vijito wenzao. Masika huuteremsha hadi mlangoni mwa mto, mawimbi yanaupokea. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi hupiga pwani kimshazari na kuusukuma kaskazini. Kaskazi likirudi, Desemba hadi Machi, sehemu yake inarudishwa kusini. Kwa hesabu ya mwaka mzima kaskazini ndiko kunakopata zaidi. Kwa hiyo mchanga ulio mbele ya nyumba yako leo ni mpita njia tu, na usipoletwa mwingine, basi.

Na hauletwi. Tangu Dar ianze kupanuka kwa kasi, mito hii ndiyo ghala la mchanga wa ujenzi. Nyumba za Tegeta, Goba, Boko, na hii ninayoandikia, zote zimekula tipa za mchanga huo. Kidogo kinachoponyoka kikafika ufukweni kinakutana na kuta za mawe ambazo baadhi ya hoteli zilizisukuma ndani ya maji miaka ya nyuma. Upande wa kusini wa ukuta mchanga unajaa, picha za harusi zinapigwa. Upande wa kaskazini unabaki mwamba mtupu. Jirani wa kaskazini naye anajenga wake. Hivyo hivyo mpaka zamu imfikie asiye na hela ya kujenga, na huku kwetu huyo ni mvuvi.

Pendekezo langu: hela inayokusanywa isianze na tofali. Imlipe mpimaji apime ufukwe wote kutoka mlango wa mto mmoja hadi mwingine, kusi na kaskazi. Liende ombi moja la eneo zima, manispaa na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Na tupande juu mtoni tukaone nani anachimba, kwa kibali gani.

Nawasilisha. Nipingeni.

---

Veranda Imepasuka

Mkuu, jina lako linajieleza. Mstari wa pili kutoka baharini! Mimi ni wa kwanza. Wakati wewe unapima mchanga kusi na kaskazi, mwaka umekatika na veranda yangu imeondoka. Ufa umetoka kona hadi kona, vidole vinaingia. Nyumba hii nimeijenga kwa kiinua mgongo, sina nyingine. Fundi anaanza Jumatatu.

---

Mstari wa Pili

Pole sana mkuu, na sikusuti. Lakini mstari wa kwanza ukiisha, wa kwanza ninakuwa mimi. Ndiyo maana nauliza sasa.

---

Kipanga wa Salasala

Mimi niko mstari wa mia moja huku mlimani. Endeleeni kubishana, viwanja vya mbele vikiisha changu nakitangaza cha ufukweni 😂

---

Nondo Kumi na Mbili

Veranda, pole, lakini mwambie fundi asubiri. Kazi yangu ni hizi kuta, kuzijenga na kuzibomoa, ngoja nieleze kwa nini zinaangukia baharini wakati bahari ndiyo inayozipiga kuelekea nchi kavu. Watu wengi hawajiulizi hilo.

Wimbi likigonga ukuta wima halina pa kupotezea nguvu. Sehemu inaruka juu, sehemu inateremka na kuchimba chini ya msingi. Msingi wa uzio wa kawaida una futi tatu hivi, na kusi moja likikaza linashusha mchanga wa mbele kuliko hapo. Wakati huohuo nyuma ya ukuta kuna maji: ya mvua, ya kumwagilia bustani, ya karo la choo, na ya bahari yaliyorukia. Bahari ikipwa, haya ya nyuma hayajapata pa kutokea, yanasukuma. Mbele chini hakuna msingi, nyuma kuna msukumo, ukuta unalala kifudifudi.

Dalili zinakuja mapema. Nyasi za bustani zinabonyea karibu na ukuta, vinatokea vishimo, unamwita mtu wa bustani afukie. Yule hafukii shimo. Mchanga unatoka chini ya msingi na kwenye nyufa kidogo kidogo kila maji yakipwa, na ukiona hivyo jua ukuta umeshakufa, umebaki kuanguka tu.

Kinachodumu mbele ya mawimbi ni mteremko wa mawe. Chini unatandika kitambaa maalumu kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, juu yake mawe madogo, halafu makubwa. Ukipanda mita moja uwe umerudi nyuma angalau mbili. Mguu wake unafukiwa chini kuliko kina ambacho mchanga unaweza kushuka, na hapo ndipo mafundi wengi huiba, kwa sababu hapaonekani. Wimbi likipanda linagawanyika kwenye mianya na kuishiwa nguvu. Mawe yenyewe yawe mazito. Yale ya machimbo yetu ya Kunduchi ni matumbawe ya kale, yana vitundu, mepesi. Yanafaa tabaka la ndani. Mbele linatakiwa jiwe gumu kama lile la Lugoba, na kinachoua bajeti hapo ni nauli kuliko jiwe.

Jambo la mwisho ni ncha. Ukuta wowote una ncha mbili, na mawimbi yanapinda yakazila. Ukijenga mbele ya kiwanja chako tu, jirani wa kaskazini ndiye anayelipa, halafu bahari inapitia kwake na kukuzungukia nyuma. Hata kwa ubinafsi mtupu, ukuta wa mtu mmoja haulipi.

Cha kufanya wiki hii ni mifuko mikubwa ya kitambaa kigumu, ijazwe mchanga wa kununua (usichote ufukweni, tafadhali), ipangwe kwa mteremko. Viroba vya sandarusi usivitumie, jua linavimaliza mapema na plastiki inaishia baharini. Maji ya paa yaelekeze barabarani. Karo lihamie nyuma ya nyumba.

---

Veranda Imepasuka

Umejuaje karo liko mbele?

---

Nondo Kumi na Mbili

Ya mstari wa kwanza yote yako mbele. Nyuma mliweka maegesho.

---

Kijani Kibichi

Mbona mnajisumbua? Pandeni mikoko ufukwe wote, bei rahisi, na ni mazingira. Mawe ni mambo ya zamani.

---

Kipanga wa Salasala

Na mbona Barabara ya Obama serikali imejenga ukuta na unasimama? Pale Ocean Road ya zamani maji yalikuwa yanarukia magari.

---

Nondo Kumi na Mbili

Kipanga, ukuta wa Obama ulisanifiwa kipande kimoja kirefu, ukapimwa kwanza, na hela ilitoka mfuko wa kimataifa wa kuhimili tabianchi kupitia UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na Ofisi ya Makamu wa Rais. Mradi huohuo ulijenga na ule wa Kigamboni pale Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Unalinda barabara ya umma, na mwenye mali ni mmoja. Hapa kwetu tuna wenye viwanja, hoteli, wavuvi na serikali ya mtaa, kila mtu na fundi wake. Hizo ni kesi mbili tofauti.

---

Ngalawa ya Mtongani

Mnaongea viwanja tu, hamuongei diko, pale tunapopandisha vyombo vyetu.

Sisi kila ukuta unapojengwa tunasogezwa. Zamani maji yakijaa bado unabaki mchanga wa kupita na wa kupandishia chombo. Sasa maji yakijaa yanagusa ukuta. Unatoka na wavu begani, maji kiunoni, wimbi linakurudisha kwenye mawe ya watu, na mlinzi juu anakufokea unafanya nini hapo. Upepo ukikaza hatuna pa kuvuta boti. Akina mama wa dagaa wanabanana kwenye kipande kilichobaki, wanaanika zamu kwa zamu. Vinjia vya kushukia baharini ambavyo babu zetu walipita vimekuwa ndani ya mageti.

Halafu mmesema mto, sawa. Utajeni na mwamba wa matumbawe. Bongoyo, Pangavini, Mbudya, Fungu Yasini, huko ndiko wimbi la bahari kuu linakovunjikia kabla halijaja kwenu. Miaka ya kuvua kwa mabomu watu waliulipua, na kabla ya mabomu matumbawe yalikuwa yanachimbwa na kuchomwa chokaa ya kujengea mji huuhuu. Mwamba uliosagika hauvunji wimbi. Visiwa hivyo vimetangazwa hifadhi tangu 1975. Mabomu siku hizi hatuyasikii kama zamani, namshukuru Mungu, ila tumbawe halioti kama mchicha.

Mkiandika hilo ombi lenu na sisi tuandikwe. Na siyo kwa jina la "wadau wengine".

---

Mstari wa Pili

Ngalawa, umeeleweka. Diko na vinjia viingie kwenye ombi, na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, akae meza kuu, siyo kuitwa mwishoni kutia sahihi.

---

Mgazi

Hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa Gazi, kaunti ya Kwale, nawasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Nimjibu huyu wa mikoko, maana twaishi nayo.

Mikoko yetu ilikatwa sana miaka ya 1970, ikawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Kuirudisha kulianza miaka ya 1990 pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Tangu 2013 mradi wetu wa Mikoko Pamoja wauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko ya hekta 117, na pesa zake zimeingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Vanga nao wakafuata, kwao ni msitu mkubwa kuliko wetu. Kwa hiyo msinione adui wa mikoko.

Lakini hata sisi hatuipandi penye mchanga mweupe na mawimbi. Mkoko wataka tope, na maji yaingie na kutoka kwa utulivu. Tena kila aina na pahala pake. Mbele kabisa, panapofunikwa maji muda mrefu, hukaa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe. Kisha msinzi na mkandaa. Na mchu hustahimili chumvi kali huko juu ambako wenzake hufa. Watu wengi wachukua miche ya mkoko kwa sababu ndiyo rahisi kuokota, waichomeka mbele mahali pa mlilana, wapiga picha, wiki chache baadaye hakuna kitu. Hata miche ya mlilana yenyewe huko mbele yateseka, takataka na mwani vyaizonga, wimbi laing'oa.

Mkitaka kupanda, nendeni vijitoni nyuma ya fukwe zenu. Hapo pana kazi ya kweli.

---

Mstari wa Pili

Ahsante ndugu yetu wa Gazi. Kunduchi vijito hivyo vipo, kule karibu na mashamba ya chumvi, na mikoko imekatwa kwa mapengo. Kwa ufukwe wa mbele nadhani tubaki na majani yanayotambaa, yale ya maua ya zambarau, na mikadi nyuma yake. Hayazuii bahari ila yanashika mchanga unaopeperushwa. Wenzetu wa mahoteli kila asubuhi wanayafyeka ili ufukwe uonekane msafi.

---

Binti wa Pangani

Kaka na dada zangu, shikamooni wanaostahili. Nisimulie ya kwetu, maana mnaizungumzia bahari kama imeanza kula Dar.

Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa, Maziwe. Kilikuwa na miti, mivinje, na kasa walikuja kutaga. Mwaka 1975 kikatangazwa hifadhi. Haukupita muda miti yote ikawa imekwisha, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Hakuna aliyejenga ukuta pale, hakuna hoteli. Kasa hawajui kama kisiwa kimekufa, bado wanakuja, na mayai yanabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Watalii wanapelekwa kwa boti kuogelea, wanaambiwa wawahi kurudi kabla fungu halijafunikwa.

Mjini kwetu serikali imejenga ukuta mpya, nao kupitia miradi hiyohiyo ya UNEP na Ofisi ya Makamu wa Rais. Jioni watu wanakaa pale, na mtaa wa nyuma unalala salama, siwezi kuukandia. Lakini Mto Pangani nao una bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani chini yake. Mchanga unaokaa bwawani haufiki kwetu. Kwa hiyo huyu kaka mwanzisha uzi anaposema tuangalie juu mtoni, mimi namwelewa bila kuonyeshwa ramani.

Ushauri wangu: mkipata ukuta wa pamoja, wekeni ngazi za kushuka. Bila ngazi ufukwe unakuwa wa kutazama tu.

---

Kifungu cha 57

Niongeze la sheria kwa kifupi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Wengi humu mnaijua ile mita 60, mnachosahau ni kwamba ukingo unatembea. Kuna watu kiwanja chao kilipopimwa kilikuwa mbali na maji; leo bikoni mbili za mbele zimo ndani ya bahari na hati bado inasoma eneo lilelile. Anayejenga ukuta mbele ya hapo bila kibali anajenga ndani ya mita 60, na pengine ndani ya bahari yenyewe.

Kazi ya kuzuia bahari inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Viwanja ishirini vikifanya tathmini kimoja kimoja ni gharama ya kipuuzi. Ikifanywa moja ya eneo zima mnagawana, na ina nguvu hata mkienda kuomba fedha nje.

Na wale wa mtoni: mita 60 zinawahusu pia.

---

Fuso Tandamu

Nimesoma kuanzia juu, nimecheka sana.

Kila anayelia humu amenunua mchanga kwangu au kwa mwenzangu. Wa shambani hamuutaki, fundi anasema una udongo, plasta inapasuka. Mnataka wa mtoni, umeoshwa, mweupe. Halafu mkishahamia mnafungua uzi.

Mimi sichimbi usiku. Nina kibali cha kusafisha mto. Mvua za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 mliona mito ilivyojaa ikahama njia, nyumba za ukingoni zikaondoka. Wakazi wa mtoni wananipigia wenyewe nikatoe mchanga maji yapite. Nikiuacha, wao wanafurikiwa. Nikiutoa, nyie ufukwe wenu unaisha. Haya, mnichagulie nani azame.

---

Kipanga wa Salasala

Hapo ndipo uzi ulipoanza 🔥

---

Mstari wa Pili

Fuso, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na sitajifanya kwamba mchanga wa nyumba yangu ulinyesha kutoka mawinguni.

Ila tutenganishe. Mchanga unaochimbwa juu, kwenye kingo, mpaka mto unapanuka na kula shamba la mtu, huo si usafi. Ukingo ukidondoka ndio unaoleta tope jipya chini na kuziba zaidi, kwa hiyo mnasafisha mlichokichafua. Mchanga uliojaa chini karibu na mlango wa mto ni habari nyingine. Huo ulikuwa njiani kuja ufukweni. Ukiutoa ili wakazi wasifurike nakuunga mkono, swali ni kwa nini upakiwe kwenda kiwandani kwa wafyatua tofali wakati ufukwe unaoungoja uko jirani.

Utoeni mtoni, muumwage ufukweni, upande wa kusini. Kusi litausambaza lenyewe.

---

Nondo Kumi na Mbili

Kitaalamu inawezekana, na nchi nyingi ndivyo zinavyolisha fukwe zao, ila kuna sharti. Punje za mchanga unaomwagwa ziwe sawa na za ufukweni au kubwa zaidi. Ukimwaga laini, wimbi linauchukua mara moja. Ukimwaga wenye tope, maji yanachafuka na tope linakwenda kulala juu ya majani ya bahari na matumbawe, Ngalawa atanitafuta. Kwa hiyo uchekechwe kwanza, na upimwe kila mahali unapochotwa, maana mto mmoja hubadilika kona kwa kona.

Na siyo kazi ya mara moja. Ufukwe unaolishwa unaliwa tena, unalishwa tena. Lakini mteremko wa mawe ukiwa na mchanga mbele yake unadumu, mtupu unahangaika. Ningeyafanya yote mawili, mawe pale tu ambapo nyumba zimeshafikiwa, kwingine mchanga.

---

Kifungu cha 57

Mtahitaji ofisi ya bonde la maji la Wami/Ruvu kwa mto, Tume ya Madini kwa mchanga, NEMC kwa ufukwe. Vibali vitatu. Andikeni barua moja, nakala kwa wote, mwenyekiti wa mtaa apige muhuri.

---

Fuso Tandamu

Kutoka mlangoni mpaka ufukweni ni safari fupi kuliko kwenda Goba. Nilipeni mafuta, dereva na vijana wa kuchekecha, mchanga wenyewe sitauza, ilimradi niwe na karatasi mkononi nisikamatwe njiani.

Ila mnifungulie njia. Nimeshawahi kujaribu kushusha mawe ya mtu huko, nimezunguka na fuso mpaka nikakata tamaa. Mmeziba kote.

---

Mstari wa Pili

Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya serikali ya mtaa. Fuso, njoo na nakala ya kibali chako. Nondo, njoo na makadirio hata ya penseli. Veranda, na wewe tafadhali, kabla ya Jumatatu yako.

---

Veranda Imepasuka

Nitakuja. Fundi nimemwambia avute wiki moja, karo ndilo tutaanza nalo. Kuhusu njia, pembeni kwangu kuna uzio ambao umeshalegea, nilikuwa nautoa hata hivyo. Fuso apite hapo, upana unamtosha.

---

Ngalawa ya Mtongani

Tipa zikimaliza usiuzibe. Tutapita sisi na nyavu.

---

Veranda Imepasuka

Hilo tutaongea Jumamosi.